Mkandarasi wa vita anawajibika kwa nani?

Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi ya Manda Bay katika Kaunti ya Lamu, wakachoma ndege na kuua Wamarekani 3. Kwa sisi wa Unguja na Pemba, Lamu si ugenini. Ni bahari ile ile na ni watu wale wale. Hata hivyo, wengi waliosoma habari hiyo walipita bila kuzingatia kwamba kati ya hao watatu askari alikuwa mmoja tu. Wawili waliobaki walikuwa raia, waajiriwa wa kampuni binafsi yenye mkataba na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Waliuawa ndani ya kambi ya kijeshi, wakiitumikia operesheni ya kijeshi, ilhali hawakuwa wanajeshi. Tuseme siku moja kabla yake mmoja wao alikuwa amemgonga kwa gari mtoto wa mvuvi wa Lamu akamuua. Je, angejibu mbele ya hakimu wa Kenya, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Marekani, au angepandishwa ndege arudi kwao na jambo likaishia hapo? Jibu halipo katika sheria moja. Limetawanyika katika mikataba, amri na desturi za nchi kadhaa, na utawanyiko huo ndio unaohitaji kufafanuliwa.

Kwanza ni vyema kuwajua watu wenyewe. Redio na magazeti yetu huwaita wote mamluki, lakini wengi wao hawashiki silaha kabisa. Ripoti ya tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza mikataba ya wakati wa vita, iliyotolewa Agosti 2011, ilionyesha kwamba mwaka 2010 makandarasi waliokuwa Iraq na Afghanistan walizidi 260,000, na kuna nyakati idadi yao iliipita ile ya askari. Hao ni wapishi, madereva wa malori ya mafuta, mafundi wa majenereta, wakalimani, wafua nguo, na wachache kati yao ndio walinzi wenye bunduki. Mamluki kwa mujibu wa sheria ya kimataifa ni mtu mwingine. Kifungu cha 47 cha Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, inayoiongezea nguvu Mikataba ya Geneva kuhusu vita, kinaweka masharti sita ambayo lazima yatimie yote kwa pamoja: mtu awe ameajiriwa mahsusi kupigana, ashiriki mapigano moja kwa moja, asukumwe na malipo makubwa kupita ya askari wa cheo chake, asiwe raia wala mkaazi wa nchi zinazopigana, asiwe mwanajeshi wa upande wowote, na asiwe ametumwa na nchi nyingine kwa kazi rasmi. Wakili yeyote wa wastani atapata angalau sharti moja ambalo mteja wake hakulitimiza. Jirani zetu wa Komoro waliwajua mamluki wa kweli wa kifungu hicho, kwani Bob Denard na wenzake waliiangusha serikali ya Ali Soilih mwaka 1978, wakakaa kama walinzi wa rais mpaka 1989, kisha Denard akarudi tena mwaka 1995. Mkandarasi wa leo haingii kwa mlango huo. Anaingia kwa zabuni, akiwa na namba ya mlipa kodi, bima na mwanasheria.

Kwa kuwa sheria ya mamluki haimfikii, mataifa yalitafuta njia ya pili. Tarehe 17 Septemba 2008, kwa juhudi za Uswisi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, nchi 17 zikiwemo Angola, Sierra Leone na Afrika Kusini ziliafiki Waraka wa Montreux. Waraka huo unayagawa majukumu kwa nchi tatu: nchi inayotoa mkataba, nchi ambayo kazi inafanyika ndani yake, na nchi ambayo kampuni imesajiliwa. Mgawanyo wenyewe ni mzuri na unasaidia kufikiri, lakini waraka huo unasema wazi kwamba haumfungi mtu yeyote kisheria. Unazikumbusha nchi wajibu zilio nao tayari na kupendekeza mwenendo mwema, basi. Kwa maoni yangu mambo ya aina hii hupewa wino mwingi kuliko yanavyostahili, wakati usimamizi halisi hufaulu au hufeli mahali pengine kabisa, penye karatasi zinazochosha kusoma.

Tukio lililoufichua upungufu huo lilitokea Baghdad tarehe 16 Septemba 2007, katika mzunguko wa barabara uitwao Nisour. Msafara wa magari manne ya deraya ya kampuni ya Blackwater, iliyokuwa ikiwalinda wanadiplomasia wa Marekani, uliingia katika mzunguko huo na kusimamisha magari ya watu. Gari dogo jeupe aina ya Kia, lililokuwa na kijana mwanafunzi wa udaktari na mama yake, lilikuwa miongoni mwa magari ya mwanzo kupigwa risasi. Ufyatuaji ulipokoma, kwa hesabu ya serikali ya Iraq, raia 17 walikuwa wamekufa, akiwemo mtoto wa miaka tisa. Wapelelezi wa FBI waliofika baadaye walikuta kwamba vifo visivyopungua 14 kati ya hivyo havikuwa na sababu yoyote ya kujitetea.

Iraq haikuweza kuwashitaki. Mwezi Juni 2004, siku moja kabla hajaondoka nchini humo, Paul Bremer, mkuu wa utawala wa muda wa Marekani, alikuwa ametia saini toleo jipya la Amri Namba 17, lililowapa makandarasi wa kigeni kinga dhidi ya mahakama za Iraq kwa mambo yanayohusu kazi za mikataba yao. Nchi yenye ardhi ikawa imefungwa mikono, na kinga hiyo haikuondoka mpaka mwanzoni mwa 2009. Ikabaki Marekani, ambayo tangu mwaka 2000 ilikuwa na sheria ya kuwashitaki nyumbani raia wanaofuatana na majeshi yake ng'ambo. Hapo ndipo ugomvi wa maneno ulipoanza. Sheria hiyo ilitungwa kwa watu wa Wizara ya Ulinzi. Baada ya marekebisho ya mwaka 2004 iliwafikia na makandarasi wa idara nyengine, ila kwa kadiri ambayo kazi yao inaisaidia Wizara ya Ulinzi. Walinzi wa Nisour walikuwa na mkataba na Wizara ya Mambo ya Nje. Mawakili wao wakajenga utetezi juu ya tofauti hiyo, na hawakuwa wakitania.

Pigo kubwa zaidi lilitoka ndani ya serikali yenyewe. Saa chache tu baada ya mauaji, maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje waliwahoji walinzi hao na kuwaandikisha maelezo ya lazima, kwa ahadi kwamba maelezo hayo hayatatumika dhidi yao katika kesi ya jinai. Mashtaka yalipofunguliwa Desemba 2008, ushahidi wa waendesha mashtaka ulionekana kuchanganyika na maelezo yale, na jaji akaifuta kesi yote siku ya mwisho ya mwaka 2009. Mahakama ya rufaa ikaifufua mwaka 2011. Hatimaye Oktoba 2014, miaka saba baada ya tukio, walinzi wanne walitiwa hatiani, mmoja kwa kuua kwa kukusudia na watatu kwa kuua bila kukusudia. Zikafuata rufaa, kesi ya yule wa kwanza ikasikilizwa upya, adhabu zikapunguzwa kwa wengine, na tarehe 22 Desemba 2020 Rais Donald Trump akawasamehe wote wanne.

Katika mlolongo huo kuna jambo moja ambalo halikusemwa sana. Chini ya mwezi mmoja baada ya Nisour, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Condoleezza Rice, aliagiza kwamba misafara ya Blackwater ifuatane na ofisa wa serikali, na magari yafungwe kamera. Agizo hilo halikuhitaji mkataba wa kimataifa wala sheria mpya ya bunge. Lilihitaji watu na pesa kidogo, na lingeweza kutolewa miaka mitatu nyuma.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Mkaguzi wa Zanzibar akitilia shaka barabara inayojengwa kati ya Chake Chake na Wete, anapanda boti au ndege, anafika, anaona kifusi kilichomwagwa, kisha Kamati ya Baraza la Wawakilishi inayochunguza hesabu za serikali inamwita ofisa mhusika Chukwani na kumuuliza mbele ya watu. Usimamizi wa namna hii una kasoro zake, lakini macho na mamlaka vinakutana mahali pamoja. Katika eneo la vita vitu hivyo viwili hutengana. Ofisa mwenye mamlaka ya kubadilisha mkataba huenda yuko ofisini nchini mwake, naye humteua mwakilishi aliyeko kambini amwangalilie kazi. Mwakilishi huyo mara nyingi ni askari mwenye kazi yake nyengine, aliyepewa mafunzo mafupi, na ambaye baada ya miezi kadhaa atahamishwa. Anakuja mwengine asiyejua ahadi zilizotolewa wala malalamiko yaliyopita, wakati meneja wa kampuni yuko pale pale mwaka wa tatu. Kumbukumbu ya kazi inabaki kwa anayesimamiwa. Isitoshe, kamanda wa kambi, ambaye anaona kila kitu, hana uwezo wa kumwamuru mkandarasi afanye jambo lililo nje ya mkataba. Anaweza tu kulalamika kwa yule ofisa aliye mbali.

Gereza la Abu Ghraib nchini Iraq, ambako wafungwa waliteswa, linaonyesha mtengano huo unavyoweza kufika mbali. Mwaka 2003 jeshi la Marekani lilipungukiwa na watu wa kuwahoji wafungwa, likawapata kupitia kampuni ya CACI. Mkataba uliotumika haukuwa wa jeshi. Ulikuwa mkataba wa jumla wa huduma za teknolojia ya habari, uliosimamiwa na tawi la ununuzi la Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani lililokuwa Fort Huachuca, Arizona. Wizara hiyo, kwa asiyejua, kazi yake si kusimamia polisi na magereza ya nchi kama wizara za jina hilo kwetu. Hushughulikia mbuga, ardhi na madini ya serikali. Basi mtu aliyemhoji mfungwa usiku ndani ya gereza la Iraq, kwa karatasi, alikuwa fundi wa mambo ya kompyuta chini ya wizara ya mbuga. Mkaguzi anayepitia orodha ya mikataba asingeona neno mahojiano wala neno gereza, na hata angekuwa hodari namna gani asingekuwa na sababu ya kuuliza.

Mtengano wa pili unatokana na mikataba midogo ndani ya mikubwa. Nchini Afghanistan Marekani ilitoa mkataba wa dola bilioni 2.16 wa kusafirisha chakula, mafuta na risasi kwa malori, ukagawiwa kampuni nane. Usalama wa mizigo uliachiwa kampuni zenyewe. Uchunguzi wa kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na John Tierney, uliotolewa Juni 2010, ulieleza kilichofuata: kampuni ziliwakodi wenye malori, wenye malori wakawalipa wakuu wa wapiganaji walioshika barabara, na katika njia ya Kabul kwenda Kandahar malipo yaliweza kufika dola 1,500 kwa lori moja. Kamati ilitahadharisha kwamba sehemu ya pesa hizo huenda ilimfikia Taliban, yaani yule aliyekuwa akipigwa vita. Serikali ilikuwa na mkataba na kampuni ya juu tu. Chini ya hapo ilikuwa karibu haioni kitu. Ile tume ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba ubadhirifu na udanganyifu katika mikataba ya Iraq na Afghanistan ulikuwa kati ya dola bilioni 31 na bilioni 60. Upana wa makadirio hayo, wenye tofauti ya karibu dola bilioni 30, unanishughulisha kuliko ukubwa wake.

Pana wanaodai kwamba hali hii ni bahati mbaya ya haraka za vita. Siafikiani nao kikamilifu, kwa sababu umbali huo una faida kwa anayelipa. Mkandarasi akiuawa, kifo chake hakiingii katika hesabu ya wanajeshi inayosomwa bungeni. Mara nyingi hujulikana kupitia madai ya bima tu. Serikali nyengine huenda mbali zaidi na kuukana uhusiano wote. Urusi, ambayo sheria yake ya jinai inaharamisha umamluki, kwa miaka mingi ilisema Wagner, kundi la wapiganaji wa kukodiwa, haliihusu, hata lilipokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu 2018. Mwezi Juni 2023, baada ya uasi wa mkuu wa kundi hilo, Yevgeny Prigozhin, Rais Putin mwenyewe alisema kwamba serikali ililigharimia kundi hilo kikamilifu na kwamba kwa mwaka mmoja pekee lililipwa zaidi ya rubo bilioni 86. Hakuna mkaguzi awezaye kukagua mkataba ambao serikali inakana kwamba upo.

Tukisogea karibu na nyumbani tunakutana na Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji wenye vita vya waasi. Wagner walifika huko Septemba 2019, wakapata hasara na kuondoka. Aprili 2020 Msumbiji ikaikodi kampuni ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group, iliyopigana kwa helikopta hadi mkataba ulipokwisha Aprili 2021, wiki chache baada ya waasi kuushambulia mji wa Palma. Machi 2021 shirika la Amnesty International liliituhumu kampuni hiyo kwamba ilifyatua risasi kutoka angani bila kubagua wapiganaji na raia. Kampuni ikajibu kwamba ingeweka wanasheria wachunguze. Zingatia nani anamchunguza nani katika jibu hilo. Mwajiri alikuwa polisi wa Msumbiji, wenyewe wakituhumiwa katika ripoti ile ile, na Afrika Kusini, ambayo tangu 1998 ina sheria ya kudhibiti misaada ya kijeshi inayotolewa na raia wake ng'ambo, ilikuwa mbali na tukio.

Zanzibar haikodishi majeshi ya nje, lakini imewahi kuonja tatizo lenyewe kwa njia ya bahari. Usajili wa meli za kigeni ulifanywa hapa kwa kumtumia wakala aliyekuwa Dubai. Mwaka 2012 ikabainika kwamba meli za mafuta za Iran, zilizokuwa zikikwepa vikwazo, zinapeperusha bendera ya Tanzania, na Agosti mwaka huo serikali ikatangaza kuzifuta meli 36. Januari 2018 walinzi wa pwani wa Ugiriki waliikamata meli yenye bendera yetu ikiwa na vifaa vya kutengenezea baruti ikielekea Libya, na mwezi huo huo Rais Magufuli akasimamisha usajili mpya wa meli za kigeni. Wakala alikuwa na muhuri, serikali ilikuwa na jina, na hakuna ofisa wetu aliyekuwa gatini kuangalia kilichopakiwa. Hapo pia pana suala la Muungano, kwani usajili ulifanywa na chombo cha Zanzibar wakati mambo ya nje, ambako lawama zilipelekwa, ni ya Muungano.

Linalowagusa zaidi watu wa kawaida huku kwetu ni lile la wafanyakazi. Maelfu ya Waganda walilinda milango ya kambi za Marekani nchini Iraq kwa mishahara iliyokuwa sehemu ndogo tu ya ile ya walinzi wa Kimarekani. Agosti 2004 wafanyakazi 12 wa Nepal waliokuwa njiani kwenda kazini Iraq walitekwa na kuuawa; baadhi yao walikuwa wameahidiwa kazi Jordan. Watu wa aina hii hupita mikononi mwa wakala, kisha wakala wa wakala, kila mmoja akichukua chake, na hufika wakiwa na deni linalowazuia kuondoka. Septemba 2012 Rais Obama alitoa amri iliyokataza makandarasi wa serikali ya Marekani, na walio chini yao, kuwatoza wafanyakazi ada ya kupatiwa kazi. Vilevile tangu mwaka 1941 ipo sheria inayomlazimisha mwajiri kuwakatia bima watu wanaofanya kazi katika mikataba ya kijeshi ya nchi hiyo ng'ambo, na inamhusu hata asiye Mmarekani. Lakini mjane wa Kampala hawezi kudai bima ambayo hakuwahi kuambiwa ipo.

Kwa upande wa Urusi hakuna hata karatasi hizo. Mwezi Januari 2023 serikali ya Tanzania ilithibitisha kwamba kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, kisha akafungwa gerezani kwa kosa la jinai, alikuwa ameuawa Ukraine Oktoba 2022 baada ya kujiunga na Wagner kwa ahadi ya kuachiwa huru. Mwili ukarudishwa nyumbani. Ubalozi ulikuwa na wajibu kwa raia wake, ila mkataba ulikuwa kati ya mfungwa na kundi ambalo wakati ule halikuwa na mwajiri anayekiri.

Yaliyotendeka Abu Ghraib, kwa upande wake, yalifika mahakamani kwa njia ya madai. Kesi ya Wairaqi watatu waliokuwa wafungwa humo dhidi ya CACI, iliyofunguliwa mwaka 2008, ilisikilizwa katika mahakama ya shirikisho jimboni Virginia. Kampuni ilijitetea kwamba wahojaji wake walikuwa wameazimwa na jeshi, na kwamba jeshi ndilo lililowaongoza kazini. Hakuna mtu wa kampuni aliyewahi kushitakiwa kwa jinai kwa yaliyotendeka mle. Usikilizaji wa kwanza, ulioanza Aprili 2024, ulivunjika kwa sababu baraza la wazee wa mahakama halikukubaliana. Novemba mwaka huo baraza jingine liliiona kampuni kuwa na dhima na kuamuru ilipe dola milioni 42, yaani milioni 14 kwa kila mmoja, na kampuni ikaazimia kukata rufaa.